Mwongozo kamili kwa machefu: jinsi ya kujenga maadili ya kazi yatakayoshika, kuanzia depo hadi ofisi ya patroni

Wasimamizi wengi wa Lubumbashi wanakwama mahali palepale. Wanaandika karatasi nzuri yenye maneno uadilifu, uwazi na heshima, wanaibandika karibu na mlango wa ofisi, wanapiga picha na wafanyakazi. Mwezi unaofuata mazuti (dizeli) yanazidi kupungua kwenye tangi, kazi zinapewa mashemeji, na vibarua wanakatwa siku zao kama kawaida. Chefu anavunjika moyo na kusema watu wa hapa hawabadiliki.

Karatasi hiyo ilishindwa kwa sababu ilianza na maneno. Wafanyakazi hawasomi ukuta. Wanamsoma chefu: amemwajiri nani, amemlipa nani kwanza, amemsamehe nani. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinaanza na maamuzi uliyokwisha kuyafanya, na karatasi inakuja baadaye sana.

Nimewaandikia wasimamizi wa kati: chefu wa depo kule Kampemba, msimamizi wa karakana kwenye barabara ya Likasi, kiongozi wa timu katika kampuni ndogo inayochukua kazi za migodi. Nyinyi ndio mnaobanwa na patroni kutoka juu, na wafanyakazi pamoja na ukoo kutoka pande zote.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari jipya, lisilotumika kwa kazi nyingine, linalokaa mahali ambapo wengine hawalifikii.
- Kitabu cha kese (pesa taslimu) na boni za depo, yaani hati za kutolea vitu, za miezi 6 iliyopita.
- Orodha ya walioajiriwa, waliopandishwa cheo na walioadhibiwa katika miezi hiyohiyo.
- Règlement d'entreprise (kanuni za ndani) ya kampuni yenu, na makubaliano ya sendika (chama cha wafanyakazi) kama yapo.
- Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, pamoja na marekebisho ya 2016.
- Mtu mmoja asiye chini yako wala juu yako, ambaye hana cha kupata kwako na atakuambia ukweli. Mhasibu wa kampuni nyingine anafaa. Rafiki wa kunywa naye bia hafai.

Kuna sharti moja kabla ya yote: mishahara. Kama watu wako wanadai mishahara ya miezi iliyopita na wewe una sauti yoyote katika malipo, anzia hapo. Anayelala njaa kwa sababu yako hawezi kukusikiliza ukimfundisha uaminifu, na ana haki ya kutokusikiliza. Kama malipo hayako mikononi mwako, waambie watu wazi ulichokiomba kwa patroni na ulichojibiwa, halafu uendelee.

## Hatua ya 1: Soma maamuzi yako ya miezi 6

Chukua daftari, kitabu cha kese na ile orodha. Andika kila uamuzi ambao ulihusu pesa, ajira, adhabu au usalama, na ambao ungeweza kwenda njia mbili. Kwa kila uamuzi jibu maswali matatu: nani alifaidika, nani alilipa gharama, na kama ungekuwa tayari kueleza sababu yako mbele ya timu nzima.

Usiandike ulichokusudia. Andika kilichotokea. "Nilitaka kumsaidia kijana" ni nia. "Nilimpa kazi bila mtihani, na wawili waliofanya mtihani wakarudi nyumbani" ni uamuzi.

Ukimaliza, mpe yule mtu wa nje daftari alisome. Mwombe aandike sentensi moja tu: chefu huyu, kwa matendo haya, anathamini nini? Jibu linaweza kuuma. Huenda ataandika kwamba unathamini amani na patroni kuliko usalama wa watu, au ukoo kuliko uwezo. Hayo ndiyo maadili unayoyatumia leo, na ndiyo timu yako inayoyajua.

Hatua hii imekamilika ukiwa na angalau uamuzi mmoja ambao usingependa usomwe kwa sauti. Kama hakuna hata mmoja, rudia. Umeruka kitu.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali panapokatika

Mwanasaikolojia wa Marekani James Rest aligawa tendo la kimaadili katika sehemu nne: kuona kwamba jambo lililo mbele yako linagusa maadili, kupima lipi ni sahihi, kulitanguliza mbele ya faida nyingine, na kuwa na uwezo wa kulifikisha mwisho. Mgawanyo huu unatusaidia sana kazini kwa sababu kila sehemu ina dawa yake.

Rudi kwenye maamuzi yako mabaya. Pembeni ya kila moja andika namba ya sehemu iliyokatika.

Ukiona 1 nyingi, hukuona kabisa. Uliweka saini kwenye fakture kwa mazoea tu. Dawa ni taratibu zinazokulazimisha kusimama, kama saini ya pili. Ukiona 2, ulichanganyikiwa: unahitaji sheria na mtu wa kushauriana naye. Ukiona 3, ulijua na ukachagua faida. Hapo hakuna semina itakayokusaidia, ni kuamua. Na ukiona 4, ulitaka kutenda sawa ila ulikosa maneno, muda au mtu wa kukuunga mkono.

Machefu wengi hudhani tatizo lao ni 2, ndiyo maana wanaomba mafunzo. Kwa ninavyoona mimi, 4 ndiyo inayotuangusha zaidi katika mji huu. Watu wanajua vizuri sana lililo sahihi. Linawashinda siku mjomba anapoingia ofisini.

Andika pia umejifunza wapi kila tabia. Nyumbani, kanisani, shuleni, au kwa chefu wako wa kwanza? Huyu wa mwisho mtazame sana. Jinsi alivyokuongoza ndiyo njia unayoirudia bila kufikiri, hata kama ulimchukia.

## Hatua ya 3: Chagua matatu, na uyaandike pamoja na gharama yake

Usichague kumi. Chagua maadili matatu yanayogusa sehemu zilizokatika. Kila moja liandike kwa sentensi ya tendo, yenye maneno "hata kama" ndani yake. Kinachofuata "hata kama" ndiyo gharama. Sentensi isiyo na gharama haitakuongoza siku yoyote ngumu.

Mfano dhaifu: "Tunathamini usalama."

Mfano wenye nguvu: "Hakuna anayepanda juu bila mkanda wa usalama, hata kama mteja amesimama pale na kazi imechelewa siku mbili."

Mfano dhaifu: "Tunaajiri kwa haki."

Mfano wenye nguvu: "Kila anayeingia kazini amefanya mtihani uleule, hata kama ni mtoto wa dada yangu na hata kama patroni amemtuma."

Kuhusu ajira sina upole. Lubumbashi ina watu ambao familia zao zilifukuzwa Likasi mwaka 1992 na Kolwezi mwaka 1993 kwa sababu asili yao ni eneo la Kasai. Ukiuliza mwombaji kazi "kwenu ni wapi?" kabla ya kumuuliza anajua kufanya nini, unagusa kidonda cha mji mzima. Ondoa swali hilo kwenye mahojiano.

Ondoa pia mahojiano ya chumba kilichofungwa kati ya chefu mwanamume na mwombaji mwanamke. Wawe wahojaji wawili, mlango wazi, na namba za simu za waombaji zikae kwa mtu wa utumishi, zisikae kwenye simu ya chefu. Unyanyasaji wa kingono ni kosa la jinai nchini kwetu tangu sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006. Msichana anayetafuta kazi hapaswi kuhitaji kuijua sheria hiyo ili arudi nyumbani salama.

## Hatua ya 4: Pitisha sentensi zako kwenye sheria, kisha kwa patroni

Sheria ni sakafu. Sentensi yako haiwezi kukaa chini yake. Yako mambo mawili ambayo machefu wanayapita kila wiki.

La kwanza ni saa za kazi: 45 kwa wiki, na kinachozidi ni saa za ziada zinazolipwa.

La pili ni vibarua wa siku. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi kinasema kwamba kibarua aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Ndiyo sababu katika baadhi ya maeneo ya kazi utaona watu wanarudishwa nyumbani siku ya 21, wanaitwa tena baadaye kwa jina lilelile au hata kwa jina la ndugu yao. Chefu anayeshika orodha ya vibarua ndiye anayetekeleza ujanja huo kwa kalamu yake. Kama mojawapo ya sentensi zako tatu inataja heshima kwa wafanyakazi, jaribio lake la kwanza liko kwenye orodha hiyo.

Ukishapima, nenda kwa patroni na karatasi yenye sentensi tatu. Usiombe baraka za jumla, kwa kuwa kila patroni atasema maadili ni mazuri. Muulize kuhusu gharama: "Siku mteja akitutaka tupande bila mikanda na mimi nikasimamisha kazi, utasimama nami?" Jibu lake liandike, na tarehe.

Onyo: akikataa sentensi moja, usiitangaze kwa timu kana kwamba imekubaliwa. Anza na zile mbili zilizobaki. Akikataa jambo ambalo sheria inalilazimisha, mpelekee kwa maandishi, weka nakala, na jua kwamba Ukaguzi wa Kazi upo kwa ajili hiyo.

## Hatua ya 5: Andaa majibu kabla siku haijafika

Hii ndiyo hatua ya kuitumia muda mrefu zaidi. Mtu hawezi kutunga jibu zuri huku mzee wake amemkalia mbele, au ofisa amesimama getini na lori linapoteza muda. Jibu liwe tayari mdomoni.

Ukoo. Mjomba amekuja Jumapili, amekaa, amekunywa maji, ametoa bahasha yenye barua ya kijana wake ya kuomba kazi. Ukimwambia "haiwezekani, ni sheria ya kampuni", umemvunjia heshima na atakwenda kusema umejaa kiburi. Ukisema "nitaona", umedanganya na atarudi. Jibu linaloweza kusimama lina sehemu tatu: heshima, mpaka, na msaada wa kweli.

"Mjomba, barua nimeipokea kwa mikono miwili. Ila meza ya kuchagua mimi sikai, nikiwa na ndugu pale natoka nje, na kila mtu kazini anajua. Mtoto aje kwangu Jumamosi, nitamfundisha mtihani wetu unavyokuwa na barua inavyoandikwa. Tangazo likitoka, mimi mwenyewe nitakuletea."

Kisha fanya ulichoahidi, hasa hiyo Jumamosi. Wakija watoto wa jirani pia wafundishe. Ukoo unaweza kuvumilia mpaka ukiona mkono wako bado umenyooshwa. Na ni lazima timu ijue mapema kwamba unatoka mezani ndugu yako anapohojiwa. Ukilisema siku yenyewe, litaonekana ni kisingizio.

Ofisa anayeomba matabishi (hongo). Kwanza hakikisha karatasi zenu ziko sawa, kwa maana kampuni yenye upungufu ndiyo inayokamatika. Weka jalada moja la vibali vyote mapokezini, si kwenye kabati la mtu aliyesafiri. Ofisa akifika, omba ordre de mission (hati ya kutumwa kazini), andika jina na saa kwenye kitabu cha wageni, kaa naye mkiwa wawili. Akisema kuna faini, jibu ni moja: "Chefu, tuandikie karatasi, tutalipa benki." Malipo ya serikali yanapita benki kwa hati. Yanayopita mkononi bila hati hayafiki popote.

Sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005 inamwadhibu mtoaji wa rushwa pamoja na mpokeaji. Dereva wako au mtu wa mapokezi asiachwe peke yake na uamuzi huo. Mpe namba ya simu ya kupiga, na mwambie wazi kwamba kuchelewa kwa sababu ya kukataa matabishi hakutakatwa kwenye mshahara wake. Kama lori litalala mpakani Kasumbalesa usiku mmoja, pesa yake ya kulala na kula itoke kwenye kampuni. Ukisema "kataa" halafu ukamkata dereva kwa kuchelewa, umemwagiza alipe.

Muuzaji anayekuletea asilimia yako. Anaweza kuituma kwa simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, bila kukuuliza. Irudishe siku hiyohiyo kwa njia hiyohiyo, piga picha ya ujumbe, mtumie mhasibu. Mwambie muuzaji: "Hiyo pesa ipunguze kwenye fakture." Ni jibu fupi na linamfaidi patroni, kwa hiyo halikuachii deni kwa mtu.

Yafanyie mazoezi majibu haya kwa sauti, na yule mtu wa nje akicheza mjomba au ofisa. Utajua uko tayari pale maneno yanapotoka bila hasira na bila kuomba radhi.

## Hatua ya 6: Panga kazi ili uaminifu usihitaji ushujaa

Ukimwacha mtu mwenye watoto watano na tangi lisilopimwa, umempa mtihani ambao hakuuomba. Chukua mfano wa mazuti, kwa kuwa umeme unapokatika kila mara, jenereta ndiyo inayokula pesa ya kampuni na ndiyo inayoharibu watu.

Kwenye jenereta kuna mita ya saa. Kila asubuhi na kila jioni, watu wawili wa idara tofauti wanasoma mita hiyo na kupima tangi kwa fimbo yenye alama, wote wanatia saini kwenye kitabu kimoja. Fanya hivyo wiki mbili za kwanza ukiwa unashuhudia kujaza mwenyewe, ili upate wastani wenu wa lita kwa saa. Usitumie wastani wa kampuni nyingine, mzigo wa umeme unatofautiana sana. Baada ya hapo, siku lita zikizidi wastani, kitabu kinasema chenyewe na hakuna haja ya kumshuku mtu kwa sura yake.

Kanuni moja ishike wote: hakuna bidoni inayotoka bila boni, hata ya chefu, hata ya gari la patroni. Kipimo cha mafanikio ni hiki: mtunza depo anakurudisha wewe mwenyewe ukaandike boni, na hakuna anayeshangaa. Siku hiyo mshukuru mbele ya watu, kisha kaandike.

Fanya vivyo hivyo kwa kese, yuniti za simu na vipuri. Kanuni haibadiliki: wawili, saini, kipimo.

## Hatua ya 7: Kosa la kwanza, litendee sawasawa

Timu itasubiri kuona ni nani atakayekuwa wa kwanza kuvunja kanuni, na mara nyingi atakuwa fundi wako bora au mtu wa karibu na patroni.

Usimfokee mbele ya wote na usinyamaze. Mpe barua ya kuomba maelezo, msubiri ajibu kwa maandishi, msikilize akiwa na mjumbe wa sendika kama anataka. Kisha toa adhabu iliyomo kwenye règlement d'entreprise, ileile ambayo angepewa kibarua. Kama kosa ni kubwa la kumfukuza, Sheria ya Kazi inampa mwajiri siku 15 za kazi tangu alipojua jambo ili amjulishe mfanyakazi kwa maandishi. Ukiliweka kabatini "tutaona", muda unapita na haki yenyewe inapotea.

Onyo kubwa: usimwadhibu aliyetekeleza amri yako. Ukikuta wewe ndiye uliyesema "pita tu, tutaandika kesho", adhabu ianzie kwako, iwe ya kuonekana, kwa mfano kulipa lita hizo kutoka mshahara wako.

## Hatua ya 8: Fungua njia ya kukuambia

Sanduku la maoni lililo chini ya kamera halijazwi na mtu. Weka njia mbili: wewe, na mtu mwingine asiye chini yako, kwa mfano mjumbe wa sendika au mhasibu. Anayeleta habari apate jibu ndani ya wiki moja, hata kama jibu ni "bado tunaangalia".

Usiulize kamwe "nani amesema?". Uliza "tutalihakikishaje?". Anza na kitabu, boni, mita, orodha. Habari nyingine zitakuwa za uongo, zimeletwa na wivu au ugomvi wa mtaani, na kitabu ndicho kitakachomlinda anayesingiziwa.

## Hatua ya 9: Rudia daftari kila miezi 3

Fungua ukurasa mpya, andika maamuzi mapya kama katika Hatua ya 1, weka namba za Hatua ya 2. Linganisha. Usitegemee namba zote zipotee. Tazama kama 4 zinapungua, kwa kuwa hizo zinategemea maandalizi.

Sasa ndipo unaweza kubandika karatasi ukutani, kama bado unaitaka. Iwe na sentensi zako tatu zenye "hata kama", kwa Kiswahili cha hapa, na jina la mtu wa kupigiwa simu.

Ukihamishwa kwenda Kolwezi au kituo kingine, mwachie anayekurithi kitabu cha mazuti, orodha ya vibarua na jibu la patroni lenye tarehe. Daftari ondoka nalo. Kule uendako anza upya na Hatua ya 1 baada ya miezi 3 ya kwanza, kwa sababu maamuzi ya mahali papya yatakubana mahali tofauti.